Albamu "asili" ni ipi hasa?

Bendi ya roki ikitoa upya albamu ya zamani, wimbo mmoja ukaondolewa na mwingine ukaingizwa, mashabiki huja juu: wameharibu albamu asili! Uchungu wao naujua. Ukishazoea wimbo fulani kufuata mwingine, sikio huanza kuusubiri kabla haujapigwa. Ila dhana kwamba kila albamu ilizaliwa na mpangilio mmoja tu si sahihi.

Chukua Revolver ya The Beatles. Agosti 1966 ilitoka Uingereza ikiwa na nyimbo 14. Mwezi huohuo ikatoka Marekani na nyimbo 11, kwa kuwa kampuni ya Capitol, iliyotoa santuri zao huko, ilikwisha kuchomoa tatu na kuziweka kwenye albamu nyingine, Yesterday and Today, iliyotangulia mwezi Juni. Zote tatu aliziimba John Lennon, mmoja wa wanabendi. Basi Mmarekani aliyeweka santuri yake alimsikia Lennon akiongoza nyimbo mbili pekee, She Said She Said na Tomorrow Never Knows, na kwake hiyo ndiyo Revolver aliyokua nayo. Mwaka 1987 albamu ilipotolewa kwa CD, ulitumika mpangilio wa Uingereza. Mwingereza hakuona badiliko lolote. Mmarekani aliletewa albamu nyingine.

Let It Be... Naked ya 2003, toleo jipya la albamu yao Let It Be ya 1970, ni tofauti kidogo. Nyimbo Dig It na Maggie Mae ziliondolewa, Don't Let Me Down ikaingia, miaka 33 baadaye. Hapo naona lalamiko lina uzito zaidi, ingawa toleo la 1970 halikufutwa.