Ile maski ya taa haikuamshi ndotoni yenyewe tu

Watu wengi wanaamini ukinunua ile maski ya macho yenye vitaa, au ukiweka sauti kwenye simu ikawa inacheza usiku kucha, basi lazima utaota huku unajijua kabisa kwamba unaota. Hapana jamani, haiendi hivyo. Ubongo ukiwa usingizini mara nyingi unaimeza ile taa na kuifanya sehemu ya ndoto, utaona radi, taa za gari, ama jua linawaka ghafla, na wewe unaendelea na safari zako bila kushtuka hata kidogo!

Kinachofanya kazi ni maandalizi ya kabla hujalala. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea kule Wales waliwafundisha watu kwanza, wakiwa macho, kwamba wakisikia mlio fulani na kuona taa wajikague akili zao, je hapa niko macho au naota, halafu ndo wakawaacha walale asubuhi na kuwapigia mlio uleule taratibu wakishaingia usingizi wa REM, ule ambao macho yanachezacheza na ndoto nyingi nzito ndo zinatokea humo, na karibu nusu yao walijitambua ndotoni wakatoa ishara kwa kuzungusha macho kushoto kulia.

Na muda ni muhimu mno. REM inakuwa ndefu kuelekea alfajiri, kwa hiyo mlio wa saa tano usiku unakuharibia usingizi bure, ukizidi sauti ndo unaamka kabisa.