Kitovu cha uzito katika ndege ya sarakasi ya rimoti: ni nini, kinakaa wapi, kinatafutwaje

Ukiibeba ndege ndogo ya rimoti kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, kuna mstari mmoja tu ambapo itatulia bila kuinamisha pua wala mkia. Hapo ndipo kilipo kitovu cha uzito: nukta ambayo uzito wote wa ndege, kuanzia mota hadi kipande cha mwisho cha balsa, ile mbao nyepesi sana, mkiani, unaweza kuhesabiwa kama umekusanyika mahali pamoja. Ikiwa hewani, ndege inabingirika, inageuka na kuinua pua kwa kuizunguka nukta hiyo.

Kwa ndege ya kujifunzia, maelezo hayo yanatosha. Unasoma kipimo kwenye kijitabu cha maelekezo, unasogeza betri mpaka vidole vikubaliane nacho, unaruka. Anayeunda ndege ya sarakasi hawezi kuishia hapo, kwa sababu kwake kitovu cha uzito ndicho kinachoamua ndege itakuwa na ukaidi kiasi gani. Ndege nzuri ya sarakasi haina msimamo wake yenyewe. Ukiielekeza juu inakwenda juu, ukiilaza ubavu inakaa ubavu, ukiipindua chali inaendelea na mstari uleule. Kila inapofanya jambo ambalo hukuliomba, rubani lazima aisahihishe, na kila sahihisho linaonekana kutoka chini.

Ndiyo maana ndege hizi zina umbo linalofanana juu na chini. Bawa lina mbinuko sawa pande zote mbili, limewekwa karibu na katikati ya kiwiliwili, na halijainuliwa sana kuelekea ncha kama la ndege ya kujifunzia. Bawa na mkia wa ulalo huwekwa karibu sambamba kabisa, pembe ya sifuri kwa sifuri. Lakini umbo hilo lote halisaidii kitu kama uzito umekaa mahali pasipofaa.

Nukta mbili, si moja

Kitovu cha uzito peke yake hakisemi mengi. Kinapata maana kikilinganishwa na nukta nyingine, tuiite nukta ya usawa. Hii haitokani na uzito. Inatokana na ukubwa na nafasi ya bawa na mkia. Ni mahali ambapo nguvu ya ziada ya kuinua hufanya kazi pale ndege inapotikiswa.

Chukua upepo unaoisukuma pua juu kidogo. Bawa na mkia sasa vinaikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi, kwa hiyo nguvu ya kuinua inaongezeka, na ongezeko hilo linasukuma kwenye nukta ya usawa. Kama kitovu cha uzito kiko mbele ya nukta hiyo, sehemu ya nyuma inainuliwa na pua inarudi chini yenyewe. Nukta mbili zikikutana, pua inabaki pale ilipoachwa. Kitovu kikirudi nyuma ya nukta ya usawa, mambo yanaharibika: pua iliyoinuka inazidi kuinuliwa, na kosa dogo linazaa kubwa kwa kasi ambayo vidole havitaiweza kwa muda mrefu.

Umbali kati ya nukta hizo mbili ndio akiba ya uthabiti, na hupimwa kwa asilimia ya upana wa wastani wa bawa, yaani kutoka ukingo wake wa mbele hadi wa nyuma. Ndege ya kujifunzia hupewa akiba nene, inayozidi asilimia 10. Ya sarakasi hupewa nyembamba, asilimia chache tu. Ya kufanyia vituko vya kuning'inia hewani na kudondoka kwa kudhibitiwa huachiwa akiba ndogo zaidi ya hiyo.

Watu wengi hudhani akiba nene ni bora kwa sababu ni salama. Tazama basi gharama yake. Ndege nzito puani inahitaji eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, ikae imeinuliwa kidogo wakati wote ili iende sawa. Ipindue chali. Eleveta ileile iliyokuwa ikiinua pua sasa inaisukuma kuelekea ardhini, na uzito wa pua nao unavuta hukohuko. Mambo mawili yaliyokuwa yakipingana yanageuka washirika, na rubani inambidi akandamize fimbo kwa nguvu ili tu ndege isishuke.

Kasi nayo inaongeza tatizo. Nguvu za hewa hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, nguvu ya eleveta iliyokaa pembe ileile inakuwa mara nne, ilhali pua haijaongezeka hata gramu moja. Kwa hiyo ndege nzito puani hupanda yenyewe ukiongeza mota, hushusha pua ukipunguza, na hujivuta juu ukiipigisha mbizi. Sarakasi ni kubadilisha kasi kila sekunde chache. Huwezi kuchora kitanzi cha mviringo kwa chombo ambacho tabia yake ni tofauti chini ya kitanzi na juu yake.

Kukipata kwenye karatasi

Kipimo cha kuanzia kwa ndege nyingi za sarakasi ni kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa wastani wa bawa, kutoka ukingo wa mbele. Neno la kuzingatia hapo ni wastani. Bawa la sarakasi kwa kawaida ni pana kiwiliwilini na jembamba nchani, na anayepima asilimia 30 ya upana wa shina, yaani pale bawa linapoungana na kiwiliwili, akadhani amemaliza atakuwa amepima kitu kingine kabisa.

Tuseme bawa lina upana wa sentimita 40 kwenye shina na 20 kwenye ncha, urefu wa nusu moja ni sentimita 75, na ukingo wa mbele unarudi nyuma sentimita 10 kutoka shina hadi ncha. Njia rahisi ni kuchora. Chora nusu bawa kwenye karatasi kwa vipimo vilivyopunguzwa. Kwenye shina, ongeza upana wa ncha kuelekea mbele. Kwenye ncha, ongeza upana wa shina kuelekea nyuma. Unganisha mwisho wa nyongeza hizo mbili kwa mstari. Kisha unganisha katikati ya shina na katikati ya ncha kwa mstari wa pili. Mistari inapokatana ndipo palipo na upana wa wastani.

Kwa bawa letu, makutano yanaangukia sentimita 33.3 kutoka shina, na upana wa wastani ni sentimita 31.1. Mahali hapo ukingo wa mbele umesharudi nyuma sentimita 4.4. Asilimia 30 ya 31.1 ni 9.3. Jumlisha: kitovu cha uzito kiwe sentimita 13.7 au 13.8 nyuma ya ukingo wa mbele wa shina. Weka alama hiyo kwa penseli pande zote mbili, juu na chini ya bawa, kabla hujaanza kutafuta mizani.

Uzito unaamuliwa mezani, si uwanjani

Makosa mengi ya kitovu hujengwa ndani ya ndege mapema, wakati gundi bado mbichi. Sababu ni umbali. Tuseme ndege hii ina kilo 2.5, na umeacha gramu 10 za gundi ya epoksi zisizo na kazi kwenye mkia, sentimita 80 nyuma ya kitovu. Kumi mara themanini ni mia nane. Gawa kwa gramu 2,500, unapata sentimita 0.32. Kitovu kimerudi nyuma milimita 3. Ili kukirudisha kwa uzito uliowekwa puani, sentimita 25 mbele, utahitaji gramu 32 za madini ya risasi. Gramu kumi za uvivu zimeiongezea ndege gramu 42, na ndege nzito huhitaji kasi zaidi kwa kila kitu, kutua kukiwemo.

Kwa hiyo mkia ujengwe kwa balsa nyepesi kuliko zote ulizo nazo, gundi ifutwe ikiwa bado laini, na uamuzi wa mahali pa sevo za mkia, vimota vidogo vinavyosogeza vibao vyake, usifanywe kwa mazoea. Sevo zikikaa mkiani, vijiti vya kusukumia vinakuwa vifupi na haviyumbi. Zikikaa katikati ya kiwiliwili, mkia unabaki mwepesi. Mwenye mota nzito puani huchagua la kwanza, mwenye mota nyepesi la pili. Kuongeza risasi kwenye ndege mpya ni dalili kwamba swali hili halikuulizwa mapema.

Chombo kizuri zaidi cha kurekebishia ni betri, maana lazima ubebe hata hivyo. Betri ya gramu 500 ikisogezwa sentimita 2 kwenye ndege ya kilo 2.5, kitovu kinasogea milimita 4. Ndiyo sababu trei ya betri inafaa iwe ndefu kuliko betri yenyewe, iache nafasi mbele na nyuma.

Upimaji wenyewe ufanyike ndege ikiwa kamili: propela, magurudumu, risiva inayopokea amri za rimoti, betri, kifuniko cha rubani, kila kitu. Ikiwa inatumia mafuta, pima tangi likiwa tupu, kwa sababu tangi hukaa mbele ya kitovu na ndege inazidi kuwa nzito mkiani kadiri mafuta yanavyokwisha. Ndege yenye bawa la chini au la katikati hutulia vizuri zaidi ikipimwa imepinduliwa. Pima pia upande kwa upande: ishike puani na mkiani, uone bawa gani linalala. Ncha moja ikilala mara kwa mara, ongeza uzito kidogo kwenye ncha ya pili.

Majibu ya hewani

Kipimo cha karatasini ni makisio mazuri tu. Ndege yenyewe ndiyo itasema, na swali huulizwa hivi. Kwanza irekebishe iende sawa kwa kasi ya kawaida, mikono ikiwa imeachia. Halafu ipandishe kwa mstari wa nyuzi 45, ibingirishe nusu mpaka iwe chali huku ikiendelea kupanda mstari uleule, kisha achia fimbo ya eleveta.

Pua ikianguka haraka kuelekea ardhini, ni nzito mbele. Rudisha betri nyuma milimita chache, irekebishe upya, uulize tena. Ikishika mstari kwa muda kisha ikashuka pole pole, hapo ndipo wengi wa wanaoruka maumbo ya kupimwa na majaji hupenda, kwa mfano kwenye daraja la F3A la FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, ambalo ndege zake hazizidi mita 2 kwa urefu wala kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine. Ikishika mstari bila kushuka kabisa, umekaribia nukta ya usawa. Wa vituko vya kuning'inia watafurahi. Ikiinua njia yake kuelekea angani ukiwa umeachia, kitovu kimepita mpaka. Tua kwa upole, bila kupunguza kasi sana, usogeze betri mbele.

Kila unaporudisha kitovu nyuma, eleveta inakuwa kali zaidi. Punguza mwendo wake, au ongeza ulaini karibu na katikati ya fimbo kwa kutumia eksponensho ya rimoti, la sivyo utalaumu kitovu kwa kosa la mpangilio.

Neno moja kuhusu jairo, kifaa kinachohisi mtikisiko wa ndege na kuusahihisha chenyewe. Risiva nyingi za siku hizi zina jairo ndani, na jairo hufunika dosari za uzito kwa ustadi mkubwa. Izime wakati wa majaribio haya yote. Ukiiwasha baadaye iwe kwa ajili ya upepo.

Marekebisho mengine husubiri hili limalizike, na hapo ndipo naona watu wakipoteza muda. Ndege ikilala ubavu na ikawa inajivuta kuelekea kifuniko cha rubani, wengi hukimbilia kuchanganya usukani wa mkia na eleveta ndani ya rimoti. Mara nyingi chanzo ni ile eleveta iliyoinuliwa kubeba pua nzito: haiachi kuvuta kwa sababu tu ndege imelala. Rudisha kitovu, na sehemu kubwa ya mvuto huo inaondoka bila kugusa programu. Kinachobaki ndicho cha kuchanganya. Vivyo hivyo, pembe ya mota kuelekea kulia, kwa kawaida nyuzi 2 au 3, hupimwa kwa kupandisha ndege wima na kuangalia kama inakwepa kushoto, na hakuna faida kuipima kabla ndege haijarekebishwa kwa kitovu chake cha mwisho.

Ukishakipata, chora mstari kwa kalamu ndani ya trei pale mwisho wa betri ulipo, na uandike kando uzito wa betri hiyo. Betri nyingine yenye gramu 60 zaidi haitakaa kwenye mstari uleule. Propela ya mbao ikibadilishwa kwa ya kaboni, au mota kwa nyingine, rudia jaribio la nyuzi 45 kabla ya kuruka umbo lolote karibu na ardhi.