Kwa nini damu ya benki ina tarehe ya mwisho

Wachangiaji wengi wa damu hutuuliza kwa nini mfuko uliotunzwa vizuri kwenye jokofu, nyuzijoto 2 hadi 6, kwa kawaida huwekewa siku 35 tu. Sehemu ya jibu imo ndani ya seli nyekundu yenyewe: haina kiini.

Seli nyingi za mwili zina kiini kinachotunza vinasaba, na sitoplazimu inayokizunguka, ambamo protini huundwa. Protini huchakaa. Ili nyingine ziundwe, nakala za maelekezo, yaani RNA, hutoka kwenye kiini kupitia vitundu vya utando wake na kufika kwenye ribosomu, vijiwanda vidogo vya kuunda protini.

Seli nyekundu inapokuwa changa ndani ya uboho wa mifupa huwa na kiini kama wenzake. Ikikaribia kukomaa hukisukuma nje, na seli ya kinga iliyo jirani hukimeza. Kwa siku mbili tatu hivi sitoplazimu bado huunda himoglobini kwa nakala zilizosalia. Zikiisha, hakuna protini mpya tena, kwa hiyo hata ndani ya mfuko seli haiwezi kujaza nafasi ya protini zinazochakaa. Mwilini seli hiyo huishi takribani siku 120 kwa vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemikali, ilivyobaki navyo. Kimojawapo, G6PD, kinachosaidia kuikinga seli isiharibiwe na baadhi ya kemikali, hupungua kadiri seli inavyozeeka. Ndiyo maana mtu aliyezaliwa na upungufu wa G6PD akimeza primakwini, dawa ya malaria, seli zake kongwe ndizo hutangulia kupasuka. Kama hali hiyo ipo kwenye familia yenu, mwambie mhudumu wa afya kabla hujaandikiwa dawa.

Lakini tusidhani kiini ndicho kinachoamuru kila kitu. Mwaka 1962 John Gurdon wa Uingereza alichapisha matokeo ya kupandikiza viini vya seli za utumbo wa viluwiluwi kwenye mayai ya chura yaliyoharibiwa viini vyake. Baadhi ya mayai yalikua viluwiluwi kamili. Sitoplazimu ya yai ilikuwa imekirudisha kiini cha utumbo kwenye kazi ya kujenga kiumbe kizima. Kwangu hilo ni moja ya majaribio mazuri kuliko yote katika biolojia.

Tukirudi kwenye damu, mgonjwa wa selimundu akiongezewa damu hupata nafuu, wala haponi. Seli alizopewa hubeba oksijeni vizuri hadi ziishe, lakini jeni yenye hitilafu imebaki kwenye viini vya seli za uboho wake, na kila siku huendelea kutoa maelekezo yaleyale.