Je, wajua kwa nini safina ya Nuhu ilipimwa kwa mikono?

Kunja mkono wako, uuweke mezani. Kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, hiyo ndiyo *ama* ya Waebrania, kipimo kilichojenga safina, hema na hekalu. Biblia zetu huiita mkono au dhiraa. Nusu yake ni *zereti*, yaani shibiri. Ama moja ni viganja 6, na kila kiganja ni vidole 4. Msomaji wa Pwani haoni jambo geni hapo, kwani wazee wetu nao walihesabu shibiri mbili kuwa dhiraa, na dhiraa nne kuwa pima.

Lakini mkono wa nani? Wangu ni mfupi, wako huenda ni mrefu. Waebrania wenyewe walilijua tatizo hilo: Ezekieli 40:5 inataja ama iliyoongezewa kiganja kimoja. Ushahidi mzuri zaidi uko chini ya Yerusalemu, katika mfereji unaohusishwa na mfalme Hezekia, uliochongwa mwambani. Mwaka 1880 yalionekana humo maandishi ya Kiebrania yanayosema maji yalitiririka ama 1,200 kutoka chemchemi hadi birikani. Mfereji huo una urefu wa mita 533 hivi. Gawanya, utapata sentimita 44 na kitu: mkono hasa wa mtu mzima.

Mikono ikitofautiana, kinachobaki vilevile ni uwiano. Safina ina urefu wa mikono 300, upana 50 na kimo 30 (Mwanzo 6:15). Jenga kwa mkono wa mtoto au wa jitu, bado urefu utakuwa mara 6 ya upana na mara 10 ya kimo. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliona humo mwili wa mtu aliyelala chali: urefu wake mara 6 ya upana wa ubavu hadi ubavu, na mara 10 ya unene wa mgongo hadi kifua. Jaribu hesabu hiyo kwa mtu wa sentimita 170: upana 28, unene 17. Mabega ya wengi wetu ni mapana kuliko hapo. Mwanzo yenyewe haitaji mwili, kwa hiyo naichukua kuwa tafakuri yake Augustino, na ni tafakuri nzuri.

Sanduku la agano nalo ni mikono 2.5 kwa 1.5 kwa 1.5, yaani 5 kwa 3. Wapo wanaodai hiyo ni siri ya "uwiano wa dhahabu", ule wa 1.618. Mimi siioni siri hiyo. 5 kwa 3 ni 1.667, na fundi anayehesabu kwa mikono na nusu mikono huifikia bila siri yoyote. Kinachonigusa zaidi ni hekalu la Sulemani: mikono 60 kwa 20, maradufu ya hema la jangwani, ambalo kwa kuhesabu mbao zake hukadiriwa kuwa 30 kwa 10. Patakatifu pa patakatifu pa hekalu ni mchemraba wa mikono 20 kila upande.

Na jengo lenyewe lina viungo. Katika 1 Wafalme 6:8 upande wa nyumba unaitwa *katefu*, bega. Ndimi za mbao za hema, katika Kutoka 26:17, ni *yadoti*, neno linalotokana na *yadi*, mkono. Na upande wa hema, upande wa sanduku, vyumba vya kando ya hekalu, vyote vinaitwa *tsela*.

*Tsela* ndilo neno la Mwanzo 2:21-22, pale Mungu anapotwaa ubavu wa Adamu. Tafsiri yetu ya Kiswahili husema aliufanya mwanamke. Kiebrania kimeandika *vayiveni*: akaujenga.