Je, wajua kwa nini gari la michezo la zamani hutetemeka likisimama na kutulia likikanyagwa mafuta?

Washa gari la michezo la miaka ya 1970 lililotengenezwa kwa soko la Marekani, halafu liache lisimame pale pale likiwa linaunguruma. Mengi yana tabia moja. Yanatetemeka kama mtu mwenye homa, mshale wa mzunguko unapanda na kushuka, pengine injini inazima kabisa. Ukikanyaga mafuta kidogo homa inapoa na gari linakwenda vizuri. Ukisimama tena, inarudi. Mwenye gari anafungua boneti, anakutana na msitu wa mipira myembamba, pampu, makopo na valvu asizozijua, anaamua kwamba hivi vidude vya kupunguza moshi ndivyo vinavyoikaba injini. Anavitoa vyote, na gari linazidi kuharibika.

Vidude hivyo mara nyingi vinasingiziwa. Mkosaji wa kwanza kushukiwa ni mpira uliozeeka, na ili kuona kwa nini, inabidi tuanze na hewa.

Kilo 1 ya petroli, ili iungue yote, inataka takriban kilo 14.7 za hewa. Kwa ujazo, lita moja ya petroli inakula karibu lita 9,000 za hewa. Kazi ya kabureta ni kuipima hewa inayopita ndani yake na kuichanganya na petroli inayolingana nayo. Hewa ikipenya mahali pengine, baada ya kabureta, hakuna aliyeihesabu na hakuna petroli iliyotolewa kwa ajili yake. Mchanganyiko unakuwa mwepesi mno, silinda moja au mbili zinakosa kuwaka, na injini inamisi.

Sasa angalia kinachotokea gari likiwa limesimama, katika ule mzunguko wa chini ambao mafundi wengi huuita silensa. Kilango cha hewa cha kabureta kimefungwa karibu chote, lakini pistoni bado zinavuta. Nyuma ya kilango hicho panatokea mvuto mkali sana, na tundu lolote dogo linanyonya hewa kwa nguvu. Wakati huo huo injini yenyewe inatumia hewa kidogo: yenye ukubwa wa lita 2.6, ikizunguka mara 800 kwa dakika, inavuta lita mia chache tu kwa dakika. Hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya mlo wake. Kanyaga mafuta hadi mzunguko 5,000: kilango kimefunguka, mvuto kwenye tundu umelegea, na injini inakula maelfu ya lita kwa dakika. Tundu ni lile lile, ila sasa halina uzito. Hiyo ndiyo siri ya homa inayokuja na kuondoka.

Kwa nini basi magari haya yana mipira mingi kiasi hicho? Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, akiwa California, alionyesha kwamba ule ukungu wa kuwasha macho uliotanda juu ya Los Angeles ulitokana na haidrokaboni na oksidi za naitrojeni zinazopikwa na jua. Sehemu kubwa ilitoka kwenye magari. Mwaka 1961 magari mapya yaliyouzwa California yalianza kuwekewa valvu ya kurudisha gesi zinazovuja kando ya pistoni ndani ya injini ziungue, badala ya kuzimwaga nje. Kisha Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ikataka kaboni monoksidi na haidrokaboni zipunguzwe kwa asilimia 90 kufikia magari ya 1975, ingawa baadaye muda uliongezwa.

Watengenezaji walitakiwa kuidhibiti injini kwa umakini ambao leo ni kazi ya kompyuta, na kompyuta za kuweka ndani ya gari zilikuwa bado adimu. Walichokuwa nacho ni ule mvuto wa hewa. Wakautumia kama mishipa ya fahamu: mpira mmoja unaiambia valvu ifunguke, mwingine unaisogeza timingi ya moto (wakati plagi inapotoa cheche), mwingine unapita kwenye swichi inayohisi joto la maji na kungoja injini ipate moto kwanza. Kwa kweli naona ni ubunifu wa kuheshimika. Ila unamaanisha kwamba mpira ukipasuka unafanya madhara mawili kwa pamoja: unaingiza hewa isiyohesabiwa, na ujumbe uliokuwa unapita ndani yake haufiki.

Chukua valvu ya EGR, ambayo hurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda. Moshi huo hauungui tena. Kazi yake ni kupoza mwako, kwa sababu oksidi za naitrojeni huzaliwa kwa wingi joto likizidi nyuzi 1,370 hivi za Selsiasi. Inatakiwa ifunguke gari likiwa mwendoni na ifunge kabisa kwenye silensa. Punje ya kaboni ikikwama kwenye kiti chake haifungi, na injini inalishwa moshi wakati haiuwezi. Hapo gari litatetemeka vile vile kama la mpira uliopasuka. Kuipima ni rahisi: injini ikiwa kwenye silensa, ivute valvu kwa pampu ndogo ya mkono. Injini ikiyumba au kuzima, njia ya moshi ni wazi. Isipobadilika kabisa, ama valvu haikufunguka au njia imezibwa na masizi, na huenda injini ya gari hilo inatoa mlio wa kugongagonga likipanda mlima.

Au ule mlipuko kwenye bomba la moshi unapoachia mafuta ghafla. Watu huilaumu pampu ya hewa, ile inayosukuma hewa safi kwenye milango ya kutolea moshi ili mabaki ya petroli yamalizike kuungua. Ukiachia mafuta, petroli nyingi ambayo haijaungua huingia kwenye bomba. Ikikutana na hewa ya pampu, inalipuka. Waliobuni mfumo walilijua hilo. Waliweka valvu ya kuielekeza hewa kwingine kwa sekunde chache, nayo inaamka kwa mvuto unaopita kwenye mpira mwembamba. Mpira ukifa, valvu haisikii kitu, na pampu nzima inalaumiwa bure.

Si kila kifaa kilikuwa kizuri, na haki itendeke pande zote. Porsche 911 za 1976 na 1977 zilizouzwa Marekani zilikuwa na makasha ya kuunguzia moshi kando ya injini, na joto lake liliitesa injini ya lita 2.7 yenye mwili wa magnesi. Boliti ndefu zinazoshika silinda ziling'oka kwenye nyuzi zake. Datsun 260Z ya 1974 ilipewa kabureta za kifuniko bapa zilizobuniwa kupunguza moshi, na kwenye siku za joto petroli ilichemka ndani yake. Mwaka uliofuata, 280Z ilikuja na mfumo wa kunyunyiza petroli. Lakini angalia Corvette. Mwaka 1970 injini yake ya kawaida ya lita 5.7 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 300. Mwaka 1975, ilipofungwa masega (katalisti, kifaa cha kusafisha moshi) kwenye bomba la moshi, ilitangazwa kuwa na 165. Wengi wanahesabu anguko lote juu ya masega. Ukweli ni kwamba mbanano wa injini (kiasi inavyoubana mchanganyiko kabla haujawaka) ulikuwa umeshapunguzwa tangu 1971, na 1972 njia ya kupima ilibadilika: kabla ya hapo injini ilipimwa ikiwa tupu, bila mizigo yake ya kawaida. Sehemu kubwa ya farasi waliopotea walipotea kwenye karatasi.

Masega yenyewe yakiziba yana dalili zinazopingana na za tundu. Gari linatulia likisimama, halafu linakosa pumzi kwenye mwendo mkali, kwa sababu moshi mwingi hauna pa kutokea. Na mara nyingi yameuawa na ugonjwa mwingine: silinda inayomisi hupeleka petroli mbichi, petroli inaungulia ndani ya masega, na masega yanayeyuka.

Kwenye magari ya baadaye kidogo, yenye sensa ya oksijeni, kuna mtego mwingine. Volvo ndiyo iliyotangulia kuileta sokoni, kwenye magari yake ya 1977 kwa ajili ya California. Gasketi ya bomba la moshi ikivuja kabla ya sensa, hewa safi hunyonywa ndani kati ya pigo moja la moshi na jingine. Sensa inaona oksijeni, inaripoti kwamba petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza. Plagi zinakuwa nyeusi, gari linanuka petroli, na fundi anabadilisha sindano za petroli ambazo hazina kosa.

Kuitafuta hewa ya wizi kunataka subira kuliko pesa. Anza na masikio: kata mpira mrefu kiasi cha mkono, weka ncha moja sikioni, tembeza nyingine kando ya gasketi na viungio, mbali na feni na mikanda. Tundu linapiga mluzi wazi kabisa. Kisha vidole, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Shika kila mpira pale unapokumbatia chuchu ya chuma na uukunje polepole. Katikati utaonekana mzima, mweusi, wa kung'aa. Kwenye ncha, pale joto lilipoukaanga kwa miaka 40, ufa mwembamba unafunguka kama mdomo. Geji ya mvuto nayo inasaidia: injini nzima ya kawaida, kwenye silensa na mahali pasipo pa mwinuko mkubwa, husoma takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki bila mshale kucheza. Tafadhali usipulize kimiminika kinachowaka juu ya injini yenye moto; magari mengi yameungua hivyo.

Ukibadilisha mipira, toa mmoja, weka mmoja, ukifuata mchoro uliobandikwa chini ya boneti au ndani ya kitabu cha gari. Ukitoa yote kwa pamoja utapotea.

Skrubu za kabureta usiziguse mpaka umalize. Huenda kabla yako kuna mtu aliyelikuta gari linatetemeka, asilione tundu, akaongeza petroli hadi likatulia. Ukiliziba tundu leo, petroli ile ya ziada inabaki, gari linatoa moshi mweusi na silensa inakuwa mbaya kuliko jana. Wengi hapo hurudisha mpira wa zamani wakidhani wamekosea. Hawakukosea, kilichobaki ni kuirudisha skrubu pale kitabu kinapoagiza, na kupima tena.