Hewa ya Tanga: namba moja ya alfajiri haitoshi

Hapa Tanga tukitaja hewa chafu, wengi huanza na vumbi la saruji na chokaa, kwa kuwa linaonekana juu ya mabati. Mimi ninayepima hewa nahofia zaidi lisiloonekana: chembe za PM2.5, ambazo kipenyo chake hakizidi mikrometa 2.5. Hutoka kwenye mkaa, taka zinazochomwa uani na malori ya dizeli, zikashuka hadi ndani kabisa ya mapafu.

Tanzania ina kanuni zake za viwango vya ubora wa hewa tangu 2007. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilishusha kiwango chake cha PM2.5 kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa meta ya ujazo kwa mwaka. Kwa saa 24 ni 15. Viwango vyote viwili ni vya wastani. Kwa hiyo mtu akinionyesha PM2.5 ya 80 kwenye simu saa kumi na mbili alfajiri, siwezi kumwambia kiwango kimevukwa. Moshi upo kweli: upepo umelala, mama ntilie wamewasha moto, na hewa ya baridi imeubana moshi karibu na ardhi. Ila vifaa vya bei nafuu vinavyotuma namba hizo hutambua chembe kwa mwanga wa leza, na hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Chembe hufyonza maji, huvimba, na kifaa kikayahesabu maji kuwa vumbi. Ndiyo maana nasisitiza kifaa kiwekwe kwanza kando ya mtambo wa rejea, yaani mtambo sahihi wa kulinganishia, unaokausha hewa, kisha namba zake zirekebishwe.

Ozoni, gesi inayodhuru mapafu ikiwa karibu na ardhi, ni ngumu zaidi kupima. Haitoki kwenye bomba la gari. Jua la mchana huitengeneza kutokana na oksidi za naitrojeni na mvuke wa petroli. Kando ya barabara yenye magari mengi husomeka ndogo, kwa sababu moshi mbichi wa injini huila. Kituo kimoja tu katikati ya Ngamiani, hapa mjini, kitatufariji bure, huku upepo wa bahari ukiusukuma mchanganyiko huo kuelekea Muheza. Huko ndiko kituo cha pili kinakohitajika.

Kuipunguza ni kubana vinavyoizaa: injini zitunzwe, taka zisichomwe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Vipimo vifungwe mitaani sasa, kabla majiko hayajabadilika. Bila rekodi za leo, mwaka huo hatutakuwa na cha kulinganisha.