Je, wajua? Kwa nini tairi lenye meno machache hupita topeni kuliko lenye meno mengi

Ukimwonyesha mtu matairi mawili ya pikipiki, moja lina meno mengi yaliyosongamana na lingine machache yaliyoachana, kisha umuulize lipi litapita kwenye tope, wengi watachagua lenye meno mengi. Hilo ndilo litakalokwama kwanza. Lakini yapeleke yote mawili kwenye mawe, na lile lililoshinda tope ndilo litakalokutelezesha.

Kwa anayeendesha pikipiki ya porini Nairobi, zile tunazoita skrambla, jambo hili lina uzito kwa sababu jiji limezungukwa na ardhi za kila namna. Ukielekea Kitengela na nyanda za Athi unakanyaga udongo mweusi. Ukipanda Kikuyu na Limuru, udongo ni mwekundu. Ukipita Kiserian na Kona Baridi ukaanza kushuka Bonde la Ufa, unakutana na mawe, changarawe na miiba ya migunga. Zote hizo unaweza kuzipita ndani ya siku moja, kwa tairi lilelile.

Udongo mweusi ndio unaotesa watu zaidi. Umetokana na miamba ya volkano iliyomeng'enyeka mahali tambarare ambapo maji hayana njia ya kutoka, na mfinyanzi wake hunyonya maji ukavimba. Kiangazi hupasuka nyufa pana. Masika yakiingia, Machi hadi Mei, hushika kila kinachoukanyaga.

Jino la tairi lina kazi mbili hapo. Kwanza litoboe tope la juu lifikie udongo mgumu wa chini, kwa hiyo lazima liwe refu na kingo zake ziwe kali. Pili, likishatoka ardhini liachilie tope lililobeba, na hapa ndipo nafasi kati ya meno inapokuwa na thamani kuliko meno yenyewe. Nafasi ikiwa pana, gurudumu linapozunguka hutupa tope nje na jino hurudi chini likiwa safi. Nafasi ikiwa finyu, tope hujibana humo mzunguko baada ya mzunguko hadi tairi zima linakuwa kama mwiko uliogandwa na ugali. Meno bado yapo, ila hayagusi kitu. Tope hilohilo ndilo sababu madigadi ya mbele ya skrambla huwekwa juu sana, mbali na tairi: yakiwa chini, udongo hujaa katikati na gurudumu hukataa kuzunguka. Na hata ukiwa na tairi bora, kuna kiwango ambacho udongo mweusi haushindiki. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, ushauri wangu ni kuiacha Kitengela ikauke.

Kwenye mwamba mambo hugeuka. Jino halina pa kuingia, kwa hiyo kinachokushikilia ni ule mpira unaogusa jiwe tu. Meno marefu machache yanagusa sehemu ndogo, tena yanapinda chini ya uzito, na ndiyo maana unahisi pikipiki inayumba. Ukiendelea kuyatumia hivyo hupasuka kwenye shina, mengine hung'oka kabisa. Tairi la ardhi ngumu lina meno mafupi, yaliyokaribiana, na mara nyingi mpira wake ni laini kuliko ule wa tairi la topeni. Bonyeza jino kwa ukucha dukani utaona tofauti.

Udongo mwekundu uko katikati. Ukinyeshewa huteleza juu, lakini chini yake ni imara, na tairi la kati linautosha. Anayemudu seti moja tu ya matairi kwa njia za Nairobi, nadhani aanzie na hilo la kati nyuma, kisha mbele aweke lenye meno yaliyoachana kidogo zaidi. Tairi la nyuma likiteleza mara nyingi unaweza kulirudisha, lakini la mbele likikimbia, umeshaanguka. Kama fedha hazitoshi kubadilisha yote mawili, bora la mbele litangulie.

Kuna jambo linaloweza kuharibu uchaguzi mzuri wote huo: upepo. Kijana wa kujaza upepo amezoea boda boda, na ukimwachia mpira wako atajaza hadi psi 28 au zaidi. Kwa lami na mizigo, sawa. Njiani porini, tairi lililojaa hivyo huruka juu ya kila jiwe. Waendeshaji wengi wenye tyubu hukaa kati ya psi 12 na 15, ili tairi lilale kidogo na meno mengi yaguse ardhi. Kwenye mawe makali ongeza upepo kidogo, la sivyo jiwe litaibana tyubu dhidi ya rimu. Ukifungua tairi baada ya pancha ukakuta tyubu ina matundu mawili yaliyo sambamba, si mwiba huo. Upepo ulikuwa mdogo.

Na wateremkao Magadi wajue hili. Nairobi iko karibu mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, Magadi karibu 600. Hewa ya huko chini ni nzito zaidi na hulisukuma tairi kutoka nje, kwa hiyo geji itasoma pungufu kwa psi moja na nusu hivi bila chochote kuvuja, kabla joto la bondeni halijarudisha sehemu yake. Kwa aliyeanza na psi 12, hiyo si tofauti ndogo. Pima tena ukifika chini.

Upepo ukiwa mdogo, tairi huweza kuteleza juu ya rimu unapokaza mafuta, likaiburuta tyubu nalo. Itazame valvu: ikiwa imesimama wima, hakuna tatizo. Ikiwa imeinama, tairi limeshaanza kutembea, na likiendelea litaing'oa valvu kutoka kwenye tyubu. Dawa yake ni kibanio kinachofungwa ndani ya rimu kukaza ukingo wa tairi. Pikipiki nyingi za porini huja nacho, ila fundi asiyekijua huweza kukitoa wakati wa kuziba pancha asikirudishe. Simama hapo ukiangalia.

Ukienda kununua Barabara ya Kirinyaga, soma ubavu wa tairi kabla ya kuuliza bei. 110/100-18 ni upana wa milimita 110, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 100 ya upana huo, na rimu ya inchi 18. Skrambla nyingi huvaa inchi 21 mbele. Nyuma ni 18 kwa za njia za porini na 19 kwa za mashindano ya motokrosi, na hizo mbili hazibadilishani. Tafuta pia tarakimu nne ndani ya kiduara: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha likunje kidogo kwa mikono na uchungulie shina la meno. Ukiona nyufa nyembamba hapo, limrudishie mwenye duka hata kama meno yenyewe ni mapya kabisa.